Mahojiano ya Penye Mtandao

Takwimu nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya mitumba, nilipokuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Kihonda. Shahada sina. Kazi ya utafiti nilitafutiwa na jirani yangu wa Mafiga, mama mmoja aliyekuwa mdadisi wa siku nyingi, mtu wa kuwahoji watu kwa ajili ya tafiti, ambaye namwita dada. Alimwambia profesa wake, "Huyu anapenda namba kama wenzake wanavyopenda mpira. Mjaribu." Profesa akanijaribu. Tangu hapo mimi ndiye ninayekagua data zake.

Profesa huyo ni wa sayansi ya siasa. Safari ile alitaka kujua kama watu wanaopata habari kwenye makundi ya simu bado wanahudhuria mikutano ya kijiji kama wanavyohudhuria wasio na simu. Kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu katika vitongoji vya Uluguru. Mdadisi hana ruhusa ya kubadili kaya. Asipomkuta mtu, anarudi kesho yake.

Kila dodoso linapofunguliwa, kishikwambi hurekodi mahali kilipo. Siku ya nne niliyaweka madodoso ya dada kwenye ramani. Nukta zote zilikaa mahali pamoja, moja juu ya nyingine.

Katika kazi hii, wazo la kwanza ni kwamba mdadisi kakaa kivulini akajaza mwenyewe. Nilikagua. Majibu yalitofautiana, na muda wa kila mahojiano ulikuwa wa kawaida. Nikasikiliza sauti zilizorekodiwa: mzee anakohoa, mwanamke anacheka alipoulizwa umri. Walikuwa watu wa kweli. Kisha nikatazama safu ya umiliki wa simu. Wote walikuwa nazo.

Mahali penyewe nilipafahamu. Ni kwenye mgongo wa mlima, juu ya bustani za kabichi, na katika kitongoji alichopangiwa dada ndipo pekee panaposhika mtandao. Wakulima hupanda pale alasiri kuwapigia wachuuzi wa mjini. Dada alikaa pale akawahoji waliopanda, badala ya kuzifuata kaya zilizochaguliwa. Wasio na simu hawakuwa na sababu ya kupanda, kwa hiyo hawakuhojiwa, na utafiti ulikuwa unawahitaji hao hasa. Goti lake la kushoto lilikuwa likimsumbua tangu mwaka uliotangulia. Hilo nililijua pia.

Niliandika taarifa ya ukurasa mmoja na nusu, nikaambatisha ramani, nikaituma kabla ya chakula cha mchana. Kisha nikala ugali na mchicha. Nilitarajia kujisikia vibaya. Sikusikia chochote.

Profesa alijibu siku hiyo hiyo. Madodoso yafutwe, mdadisi arudishe vifaa, na katika awamu ya pili asiwemo. Awamu hiyo ilikuwa ya Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, miezi mitatu ya kazi kwenye tambarare. Dada alikuwa akiisubiri.

Jumatatu alikuja ofisini na kishikwambi ndani ya mfuko wa sokoni.

"Habari za asubuhi, kaka."

"Nzuri, dada. Pole na safari."

"Safari ipi? Si umeshanikatishia."

Nilimpa fomu ya kurudisha vifaa. Hakuishika.

"Hizo nukta uliziona lini?"

"Alhamisi."

"Namba yangu unayo?"

"Ninayo."

"Basi ungenipigia. Nilikuwa penye mtandao."

Niliisogeza fomu karibu naye. Akaendelea kwa sauti ya chini. "Ningerudi kwenye hizo kaya, kaka, hata kwa mkongojo. Ungesema tu, dada, hapa umekosea."

"Utaratibu unataka taarifa iende kwa mtafiti mkuu."

"Na wewe hapa uliletwa na utaratibu? Uliletwa na mdomo wangu."

Akasaini, akaweka chaja juu ya fomu, akatoka.

Alichosema kilikuwa sahihi. Niliusoma mwongozo upya jioni ile. Hakuna mahali unapokataza kumpigia mdadisi kwanza.

Kaya zake nilizifanya mimi, kwa siku tatu. Katika nyumba moja nilimkuta bibi akipukuchua maharage. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za kijiji huzipata wapi.

"Mkutanoni."

"Na mahali pengine?"

"Pengine wapi, mwanangu? Kwenye sufuria?"

Nikaandika: hana simu, anahudhuria.

Majibu ya nyumba zile yalipoingia, tofauti kati ya wenye simu na wasio nayo ilionekana wazi. Bila wao isingeonekana. Profesa alifurahi, akaniomba nipendekeze mdadisi mmoja wa kwenda Dakawa, mtu mvumilivu anayejua kuongea na wakulima.

Nilimjua mmoja tu wa namna hiyo. Lile goti kule lisingemsumbua, na profesa alikuwa ananisikiliza siku zile. Nikaandika jina la kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi nasi, nikaweka na namba yake ya simu, nikatuma.