Mtaro Kati ya Nyumba Mbili

Mama yangu ana mke mwenza, na kwetu Munje hilo halimshangazi mtu. La kushangaza ni kwamba baba alikwisha kufariki zamani, Mwenyezi Mungu amrehemu, na wale wawili bado waligombana kuhusu kuku. Mama alikaa juu, kwenye kilima kidogo. Mama mdogo, ndivyo ninavyomwita mwenziwe, alikaa chini yake, bondeni, katika nyumba ya fito na udongo. Katikati palikuwa na mtaro ulioyachukua maji ya kilimani na kuyapeleka pembeni, kijitoni. Kila mwaka kabla ya masika mama alishika jembe akauchimba upya peke yake, amenuna, wala hakutaka msaada wa mtu. Sisi watoto tulisadiki kwamba ule ni mpaka, wa kumwekea mwenzake asivuke.

Mimi nafua nguo katika hoteli moja ya Diani, na nilipopata uwezo nikaamua kumjengea mama ukuta wa mawe kuzunguka kiwanja chake. Niliujenga kwa mapenzi na, nikiri, kwa majivuno kidogo. Upande wa bondeni ukuta ulipita juu ya mtaro ule ule, basi fundi akaufukia mahali hapo.

"Mwanangu, huo mtaro usiuzibe," mama aliniambia.

"Kwa nini, mama?"

"Usiuzibe tu."

Hilo si jibu la kumpa mtu ambaye fundi wake amekwisha kuchanganya saruji. Nikaona ni ukaidi wa uzee, nikaendelea. Mama alininunia siku mbili, kisha akanipikia mchuzi wa papa, nami nikadhani yamekwisha.

Zamani masika yalikuja kwa adabu: manyunyu kwanza, kisha mvua, na mtu akapata nafasi ya kutengeneza makuti yake. Siku hizi hukawia mpaka watu wakakata tamaa, halafu mvua ya wiki mbili ikanyesha alasiri moja. Na huko juu, mahali palipokuwa na vichaka, sasa ni mashamba matupu, hakuna cha kuyashika maji. Mwaka ule niliomba likizo nije kuutazama ukuta wangu, na niliutazama barabara. Maji mekundu yaliteremka kilimani, yakajikusanya nyuma yake mpaka yakanifika magotini, yakatafuta pa kutokea. Pa kutokea palikuwa mahali pamoja tu, lango langu jipya la chuma, nalo nilikuwa nimelielekeza sawasawa na mlango wa mama mdogo.

Nilikimbia bondeni. Mama mdogo ana magoti mabovu, na nilimkuta amekaa kitandani, maji yamefika kwenye miguu ya kitanda, kuku watatu mapajani. Ukuta wa udongo nyuma yake ulikuwa umeanza kumomonyoka chini. Nikambeba mgongoni, kuku naye kawakumbatia, hakukubali kuwaacha.

Tulipotoka nilimwona mama. Alikuwa ameuokota mtaimbo wa fundi na anaupiga ukuta wangu kwa nguvu ambazo sikujua anazo, pale pale mtaro ulipokuwa ukipita.

"Mama! Ukuta wangu!" nilipiga kelele. Mwenyezi Mungu anisamehe, hilo ndilo lililonitoka, na mtu mzima nimembeba mgongoni.

"Ukuta utajengwa!" alinijibu bila ya kugeuka. "Mwenzangu nitampata wapi?"

Jiwe la kwanza lilipotoka, maji yaliyasukuma mengine yenyewe, yakashika njia yake ya kijitoni. Tulikuwa tumechelewa. Kabla ya magharibi upande mzima wa nyumba ya mama mdogo ulikaa chini, taratibu, paa likaufuata. Alhamdulillahi, ndani hamkuwa na mtu.

Wiki ile mama mdogo alilala chumbani kwa mama, na wazee wawili hao wakagombana kuhusu dirisha, mmoja analifungua na mwingine analifunga. Kisha kamati ya kijiji ikapita nyumba kwa nyumba. Walisema mabondeni tuyaachie maji, maana mvua za sasa si zile tulizozizoea, na kila anayekaa juu achimbe sehemu yake ya mtaro mpaka kijitoni. Nilikubali kwanza mimi, na mawe ya ukuta wangu nikayatoa yawe msingi wa nyumba mpya ya mama mdogo. Mmoja wa wazee wa kamati akamgeukia mama kwa heshima, kwa kuwa kiwanja cha juu ni chake.

"Basi, bi mkubwa, mwenzako tumjengee wapi?"

Mama akanyoosha mkono kuonyesha penye mchicha wake, karibu na jiko, mahali pa juu kabisa, ambapo hata mimi alinikatalia kuweka tangi la maji. Akaanza kulia.

"Baba yenu alipomleta aliniuliza swali hili hili," alisema. "Nikamwonyesha kule bondeni. Nilijua maji hupita pale. Nilikuwa na wivu. Masika ya kwanza yalipofika nikaogopa, nikachimba mtaro, na tangu hapo sijaacha."

Nilimpenda siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na nilijionea haya vile vile. Mama mdogo alimsogelea, akampangusa machozi kwa pembe ya leso yake.

"Dada, mimi nilijua tangu masika hayo hayo."

"Ukanyamaza miaka yote hii?"

"Sasa ningesemaje? Ungeniomba radhi, tungesameheana, halafu mtaro nani angenichimbia?"