Eluby Amwogopa Mama Mkwe, Lakini Ala Naye Sahani Moja

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeukalia mlima Mulanje, na Eluby Namakhwa ameshazama kwenye chai hadi kiunoni. Aproni ya nailoni inamkinga na umande, kikapu kiko mgongoni, na mikono yake inachuma bila yeye kuitazama. Macho yako barabarani.

Baiskeli ikisimama huko juu, ananyanyua kichwa. Mtu akiita jina, anaganda. Wachumaji wenzake wameacha kumuuliza kulikoni, maana wanajua. Nyumbani amemwacha binti yake wa miaka minne, Tadala, mikononi mwa mama mkwe ambaye nusu ya kijiji inasema ni mchawi.

"Nikisikia mtu anakimbia, najua wamekuja kuniambia," anasema. "Sijui watasema mtoto kafa au bibi kapigwa mawe. Nimeshayawaza yote mawili."

Siku ya kazi huhesabiwa kamili mchumaji akifikisha zaidi ya kilo arobaini kwenye mizani. Zamani Eluby alizipita kabla jua halijawa kali. Siku hizi, kwa kusimamasimama, anapungukiwa, na msimamizi ameshamuonya.

Alhamisi huvaa sare ya umoja wa akina mama wa kanisa lake la Presbiteri na kwenda kuwaombea wagonjwa majumbani. Ana sauti, na mistari ya Biblia imo kichwani. Akina mama wenzake humtanguliza.

"Kusali naweza, hata ukiniamsha usingizini," anasema. "Lakini kumwombea mtu kisha ukarudi kwako ni kitu kimoja, na kulala naye nyumba moja ni kingine. Hicho cha pili sikuwa nimefundishwa, au nilifundishwa sikusikia."

Mama mkwe, Enifa Sapuwa, alifika baada ya Krismasi akitokea Phalombe, wilaya ya jirani, na kitenge kimoja na sufuria. Mjukuu wa dada yake alikuwa amefariki kwa kuhara, na ndugu wa tumbo moja wakamnyooshea kidole. Nyumba yake ilichomwa akiwa kisimani. Hakuwa na pa kwenda ila kwa mwanawe wa pekee, Wyson, mume wa Eluby.

Wyson ni fundi baiskeli, mpole, na kama waume wengi wa huku amehamia kwa mkewe. Kijijini hana sauti. Mwenye sauti ni Lyton, mjomba wa Eluby, mkuu wa ukoo. Mjomba alikuja wiki ileile, akakataa kiti, akasema mgeni huyo aondoke kabla hajaanza kuwapandisha watoto kwenye ungo na kuruka nao usiku.

Wyson alimtazama mkewe. Uamuzi ulikuwa wa Eluby, kwa sababu ardhi ni ya ukoo wake. Eluby alimwomba mjomba subira. Mzee wa kanisa alipoulizwa, alimshauri aendelee kuomba na mengine awaachie wenye ukoo. Mchungaji ana makanisa mengi, na zamu ya kanisa lao ilikuwa bado.

Basi Enifa akakaa, lakini Eluby anakiri alivyomweka. Alimtengea sahani na kikombe. Mkeka wa Tadala aliuhamishia miguuni pake mwenyewe. Bibi akipika, Eluby alisema ameshiba. Hakuna aliyemwambia Enifa kitu. Yeye mwenyewe akaanza kuchukua nsima yake, ugali wa huku, na kwenda kuila nje, nyuma ya jiko.

Jioni moja Eluby alipita huko na ndoo ya maji, akamsikia ananong'ona peke yake juu ya sahani. Akamsikia akitaja jina la Tadala.

"Nilijua ndiyo yenyewe sasa, anamfunga mwanangu. Nikasogea nisikie vizuri. Kumbe anamwambia Mungu amlinde mtoto, na mimi nisimchoke. Kisha akasema amina, akala."

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba hofu iliisha hapo. Haikuisha. Eluby aliingia ndani, akaongoza sala ya familia kama kawaida, na alipofika kwenye kusameheana akakatisha. Wyson ndiye aliyemalizia.

Kisha Tadala akashikwa na homa. Kufika asubuhi alikuwa anatetemeka na macho yamegeuka. Mjomba alifika mlangoni kabla hawajatoka, akauliza kama sasa wameamini. Eluby alimfunga mtoto mgongoni, Wyson akawapakia kwenye baiskeli hadi zahanati.

Kipimo kilionyesha malaria. Walipewa dawa, wakalazwa. Siku ya tatu mtoto aliomba uji, na mchana wakaruhusiwa.

Nyumbani walikuta mlango umerudishiwa. Sufuria ya Enifa haikuwepo. Jirani alisema mjomba alikuja asubuhi na vijana wawili. Hawakumpiga. Walisimama tu hapo hadi akafunga mzigo wake.

Eluby hakuvua hata viatu. Wyson alikwenda njia ya sokoni, yeye akashika ya Phalombe, mtoto mgongoni. Alimkuta bibi kwenye kinu cha kusagia mahindi, amekaa chini ukutani, miguu imevimba.

"Mama, turudi nyumbani," alimwambia.

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

Bibi alimtazama mtoto kwanza. "Eluby, mimi si mjinga. Unaniogopa. Sahani yangu naijua."

Eluby anasema angeweza kumdanganya. Wanawake wa kinuni walikuwa wameacha mazungumzo, wanasikiliza.

"Ni kweli, Mama. Naogopa mpaka sasa. Lakini twende."

Akamfungua Tadala mgongoni, akamkabidhi bibi, yeye akabeba mzigo na sufuria.

Mjomba aliwakuta jioni hiyo wakila, wote wanne, sahani moja. Alisema maneno machache: "Akifa mtoto, usije kunililia." Tangu hapo hajakanyaga. Ameitisha kikao cha ukoo Jumatatu, na habari zinasema Eluby ataambiwa achague bibi au shamba lake la mahindi.

"Nilidhani imani ni kutoogopa," anasema. "Nikaingoja hofu iishe ndipo nimtendee mema. Ningengoja mpaka leo."

Mchana, Enifa anatokea ukingoni mwa chai na Tadala na bakuli lililofunikwa. Wachumaji wawili wanahama kivuli. Eluby ananawa, anamega nsima, anachovya kwenye dagaa wa usipa. Tonge la kwanza analitafuna polepole. Anasema tonge la kwanza bado analiogopa. Loveness, anayechuma naye mstari mmoja, anasimama kwa muda, kisha naye ananawa na kuchuchumaa. Enifa anageuza bakuli, upande wa dagaa uwe kwa mgeni.

Jumapili hii mchungaji anakuja, na kutakuwa na meza ya Bwana. Enifa hajashiriki tangu nyumba yake ilipochomwa. Eluby amemfulia kitenge. Wyson alipendekeza wapitie njia ya mtoni, ile isiyo na watu. Mkewe amekataa.

"Tutapita mbele ya nyumba ya mjomba, wakati wa kengele, wakiwa wote nje," anasema, akifunga kikapu mgongoni. "Mimi nitamshika bibi mkono. Tutawasalimia. Nitakuwa natetemeka, hilo nalijua. Lakini tutawasalimia."