Steringi Kafa

Kwenye banda la video pale Ng'ambo, mimi ndiye niliyekuwa natafsiri filamu kwa maikrofoni, na watazamaji walikuwa na sheria moja: shujaa wa filamu, steringi, hafi. Siku hiyo steringi akagongwa na lori katikati ya filamu, akafa hivi hivi. Banda zima likapiga kelele. Mwenye banda akaninong'oneza, "Waambie anaota."

Wiki ile nilikuwa nimemzika mama, na nilishachoka kuambiwa kila kitu kina sababu yake. Nikasema, "Amekufa. Sababu hakuna. Anayetaka uongo aende zake. Anayebaki, atazame waliofiwa wanavyoamka kesho yake."

Wakanitukana mpaka basi. Lakini hakuna aliyenyanyuka.