Majina Ambayo Sikuyaandika

Siku ninayoikumbuka kwa aibu, mwanangu, ni Jumapili moja mtaani Lower West Side, mjini Buffalo. Nilikuwa mwanafunzi Mkenya chuoni Amherst, kitongoji cha Buffalo, naandika tasnifu kuhusu kikosi kimoja cha vifaru cha Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, nikidhani ulimwengu mzima unaisubiri. Baada ya ibada, Papa Bahati, mzee wetu wa kanisa kutoka Kivu, alinialika kula kwake. Sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, haijapoa, nikageuza meza kuwa ramani: bakuli likawa mji wa Urusi, vijiko vikawa vifaru, navyo vikasonga mbele.

"Profesa, rudisha kijiko," mkewe akasema. "Batu banataka kula."

Papa Bahati hakucheka. Akagusa pale vijiko vilipopita. "Na batu ya ile manyumba, balienda wapi?"

"Hilo halimo kwenye utafiti wangu, Papa."

"Bon. Na siye, siku tulikimbia vita, hakuna mutu alituandika." Akavikusanya vijiko. "Nilizika batu sita mu njia. Mimi sijue kuandika. Utaniandikia majina yao, batoto basiyapoteze?"

Nikamwambia nitakuja nikimaliza tasnifu. Nilijua jina la kila jenerali aliyeongoza kile kikosi. Hayo majina sita sikuona yana haraka gani.

Nikamaliza. Nikapata kazi Columbus, naye Papa akahamia kwa binti yake katika kitongoji cha Shively, pale Louisville. Miaka ikapita. Mwaka jana ndipo nilipoendesha gari hadi kwake, na daftari jipya, nikijipongeza njia nzima. Kiharusi kilikuwa kimenitangulia. Papa alinitazama, akahangaika na ulimi, likatoka jina moja: Esperance. Tukangoja. Hakuna lingine lililokuja.

"Haizuru," binti yake akasema, akimfuta mdomo. "Siku zote alituambia, profesa wa Buffalo aliandika yote."

Nilimwambia ukweli, mwanangu. Hakunigombeza. Alienda jikoni kuniletea chai.

Tasnifu yangu iko maktaba. Nadhani tumeisoma wawili, mimi na msimamizi wangu, na yeye alilipwa.

Soma vita vya mbali ukipenda, sikukatazi. Lakini mzee akikuomba umwandikie, keti naye siku hiyo hiyo, chakula kipoe. Usimwambie "nikimaliza". Mungu akupe subira ya kusikiliza, mwanangu, na akufikishe kwa wazee wako wakiwa bado na sauti.