Chupa ya Chai Getini

Sehemu za kupumzikia kando ya maji sizipendi, na ile ya bwawani, mbele kidogo ya Igowole, naidharau kabisa. Mtu amechukua bwawa tulilokuwa tunafulia mashuka, akalizungushia uzio, akajenga mabanda ya kukodisha kwa vikundi na kuyaezeka kwa makuti. Makuti, Mufindi! Mnazi wa karibu uko safari ya siku nzima. Banda letu liliandikwa "Zanzibar", nasi tulikuwa mwezi wa saba, ukungu umelala juu ya maji na upepo unapita katikati ya nguzo kama uko kwake.

Aliyetupeleka ni mtoto wa mama mdogo, anayekaa Ilomba kule Mbeya, ambaye tangu anunue gari haongei tena, anatangaza. Shughuli yenyewe aliiita Siku ya Familia. Alituvalisha fulana za njano juu ya masweta, tukafanana na mashabiki wa timu iliyofungwa. Nilikubali kwenda, na nikampeleka mama, kwa sababu moja tu: mama mdogo naye angekuwepo. Mama na mdogo wake huyo hawakuwa wamesalimiana tangu tulipomzika baba. Mama mdogo hakuja msibani, wala hakutuma salamu. Sasa wote wawili wanatembelea fimbo, na mimi nilikuwa naogopa kwamba mmoja atamzika mwenzake bila neno.

Getini mlinzi akamnyang'anya mama chupa yake ya chai.

"Vyakula vya nje haviruhusiwi, bibi."

"Hiki si chakula, mwanangu. Ni chai."

"Utaikuta hapa ukitoka."

Akaiweka chini ya benchi lake, amekaza uso kama aliyekamata bangi.

Ndani tulimkuta mshereheshaji wa kukodi. "Familia mpooo?" akauliza kwenye kipaza sauti, na sisi tumekaa mbele ya pua yake. Mama na mama mdogo aliwakalisha kwenye viti viwili vilivyovishwa vitambaa vyeupe, ubavu kwa ubavu, mbele ya spika. Kisha akatangaza, "Sasa bibi zetu wakumbatiane, tuwapigie makofi!" Simu zikainuliwa juu. Mama akatazama bwawa. Mama mdogo naye akatazama bwawa. Nilimchukia yule mtu kwa moyo wangu wote, na mwajiri wake zaidi. Halafu wakafungulia muziki, kiasi kwamba hata aliyetaka kuomba radhi angelazimika kuazima kipaza sauti.

Ikaletwa chai. Kikombe cha karatasi, maji ya uvuguvugu, na kipakiti cha majani kinaelea na uzi wake. Hao ni wanawake waliochuma chai pamoja tangu usichana wao. Mama akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini. Mama mdogo akanywa la kwake, akalitema kwenye nyasi.

"Hayajachemka," mama akasema, bila kumtazama mtu.

"Hata moto hayajauona," mama mdogo akajibu.

Mama akashika fimbo yake na kuinuka. "Nina ya kwangu getini," akasema, akaanza kuondoka. Mama mdogo akamfuata. Mshereheshaji alidhani wanakwenda chooni, akawaombea makofi.

Niliwafuata baada ya keki, ambayo nayo ilikuwa na ladha ya sabuni. Nikawakuta wamekalia benchi la mlinzi, mwenyewe amesimama pembeni na fulana ya njano ya mama begani. Chupa ilikuwa katikati yao, na walikuwa wanapokezana kifuniko chake. Kule nyuma spika iliwaita bibi zetu warudi, picha ya pamoja inawasubiri. Hakuna aliyegeuza shingo.

"Dada," mama mdogo akasema, "msibani kwako sikuja."

Mama akajaza kifuniko, akamkabidhi.

"Najua hukuja. Kunywa, inapoa."