Mchumba Wangu Alijificha Kwenye Kifurushi cha Tarehe

Admin, ukiposti hii usiweke hata herufi ya kwanza ya jina langu. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Kasulu. Mama yangu aliingia nchi hii akiwa mkimbizi kutoka Burundi, na sasa ni raia kama nyie wengine. Nimebadilisha vitu vichache ili asijulikane. Kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta, nitajitahidi kueleza taratibu maana hata nyumbani wanachojua ni kwamba "anabonyeza".

Miaka miwili iliyopita niliitengenezea zahanati moja ya Kibondo mfumo wa kutunza taarifa za wagonjwa. Programu za JavaScript, lugha mojawapo ya kompyuta, huandiki kila kitu mwenyewe, unachukua vifurushi vidogo vilivyoandikwa na wengine, na kuna programu maalumu ya kuvipakua na kuvipanga. Kwa mtandao wetu huku, kupakua vyote ni kazi ya siku nzima, na umeme ukikatika unaanza upya. Kwa hiyo tumezoea kubebeana folda nzima kwenye flashi, kama watu wanavyopeana mbegu za maharage. Yangu nilipewa na kijana aliyenifundisha kazi, nitamwita E. Wakati huo tulikuwa tumeshaanza kupendana, baadaye akawa mchumba wangu. Mahari imeshapokelewa, na kanisani matangazo ya ndoa yetu yamesomwa Jumapili mbili.

Wiki iliyopita nilikwenda zahanati kusasisha ile programu ya vifurushi. Maelezo ya toleo jipya yalikuwa yale yale ya siku zote, marekebisho ya hitilafu na maboresho ya usalama, ambayo kusema kweli huwa siyasomi. Safari hii ikagoma. Ikaniandikia kwamba kifurushi kimoja hakilingani na asili yake. Ndipo nikasoma: toleo la zamani lilikuwa na kosa, halikagui vifurushi vilivyokwisha kuhifadhiwa kwenye kompyuta, na sasa kila kimoja kinakaguliwa. Kilichokataliwa ni kifurushi kidogo cha kupanga tarehe. Nikakifungua. Katikati kulikuwa na mistari kama ishirini inayonakili taarifa za wagonjwa na kuzituma nje kila mtandao unapopatikana. Na majina aliyoyatumia mwandishi ndani ya mistari ile yalikuwa ya Kiha: inka, amazi, inzu, yaani ng'ombe, maji, nyumba. Jamani, duniani kote namjua mtu mmoja tu anayeandika hivyo, na nilikuwa namcheka kwa mapenzi.

Kesho yake mchana nilimfuata dukani kwake Kasulu, alikuwa anafungua printa. Nikamwonyesha. Hakukana hata kidogo.

"Kwetu mwanzoni walikataa nioe ukimbizini," akasema. "Wazee walituma mtu kuulizia ukoo wenu, kama desturi. Mimi nikatumia ninachokijua."

"Wale wagonjwa wote ni ukoo wangu?"

"Nilikuwa natafuta jina moja tu. Mengine yalikuja yenyewe."

Jina lenyewe ni la mama yangu. Mama anatumia dawa za kila siku, zile mnazozijua. Kasulu kuna dawa, lakini yeye anapanda gari mpaka Kibondo ili asikutane na mtu wa kanisani kwetu dirishani. Majirani wanajua anamtembelea wifi yake, ila E. kumbe alishaanza kuzishangaa safari zile. Hapa nyumbani siri hiyo tuliijua mimi na yeye tu, na mimi ndiye niliyemhakikishia kwamba mfumo niliotengeneza kwa mikono yangu hauwezi kumwanika.

E. akaniambia kwa upole kabisa, "Nimejua, na bado nakuoa. Nani mwingine angefanya hivyo?" Alitaka nishukuru! Nikamwambia nitamweleza muuguzi mfawidhi wa zahanati. Akaendelea kufungua skrubu zake. "Mweleze. Polisi wataniuliza nilikuwa natafuta jina la nani, na mimi nitawajibu mbele ya watu."

Kifurushi nimekitoa, nimeweka cha asili, mfumo unafanya kazi. Tundu nimeliziba, lakini yaliyokwisha kutoka yapo kwenye kompyuta yake na mimi siwezi kuyarudisha. Muuguzi mfawidhi aliponiuliza kwa nini siku ile tulisimama kazi saa tatu nzima, nilimwambia nilikuwa naboresha usalama. Akanishika mkono. "Asante dada, watu hawa wametuamini sana." Nilipotoka nje kulikuwa na akina mama wamekaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa, wengine wananijua, wakanisalimia. Niliitikia huku natazama chini. Wana haki ya kujua, na anayewaficha ni mimi.

Hasira yangu ilipoa ikawa woga. Nimeshika simu mara nyingi nimpigie muuguzi, nikaiweka. Kumwambia mama nimeshindwa, maana anampenda E. kuliko anavyonipenda mimi. Juzi ameshonesha kitenge cha matangazo ya tatu, akazunguka sebuleni nikione mgongoni. "Mwana wanje, mwanangu," akaniambia, "yule kijana ametupa heshima. Tangu nifike nchi hii sijawahi kukaa benchi la mbele. Jumapili nitakaa."

Jumapili hii padri atayasoma majina yetu kwa mara ya mwisho, kisha atauliza kama yupo anayejua kizuizi. Nikinyamaza, naolewa na mtu aliyeibia wagonjwa kwa mkono wangu, na atamtazama mama yangu mezani kila sikukuu akijua. Nikisema, atasema na yeye, na mama atakuwa pale mbele na kitenge chake kipya, kanisa zima likiwa nyuma yake. Nishaurini ndugu zangu, lakini msichelewe, leo ni Alhamisi. Nifanye nini?