Behewa la Mzee Ogari

Mwaka 1968 Mzee Ogari alitoka Sironga mpaka Mariakani, karibu na pwani, kumwona mjukuu wake wa kwanza. Mwanawe Thadeus alifanya kazi ya reli huko, na nyumba aliyopewa ilikuwa ya chumba kimoja. Na kwetu Kisii, baba mkwe halali nyumba moja na mke wa mwanawe.

"Nimemwona, yatosha. Narudi na gari la moshi la jioni," Mzee alisema, akiwa amesimama nje.

Nyaboke, mke wa Thadeus, hakukubali. Alimwendea mkuu wa stesheni, akaomba behewa kuukuu lililoachwa pembeni. Akalifagia, akatandika kitanda.

Mzee aliyagonga magurudumu kwa fimbo. "Na likiondoka nami?"

"Basi utaiona bahari bure, baba," Nyaboke alijibu.

Mzee alicheka. Alikaa miezi miwili, na kila asubuhi mjukuu alipelekwa behewani kunywa uji naye.